Giveaway: zawadi, droo, shindano au kamari?

Neno giveaway, jinsi linavyotumika kwenye mitandao yetu, linabeba vitu vinne visivyofanana. Mwenye duka la vipodozi Kariakoo anayetaka kumpa mteja mmoja seti ya mafuta, mteja akipatikana kwa droo, anaita giveaway. Anayesema picha yenye like nyingi ndiyo itashinda anaita hivyohivyo. Anayeuza namba za shilingi 2,000 kwenye kundi la WhatsApp ili mmoja aondoke na pikipiki naye hana jina jingine. Na yule usiyemjua anayekuandikia inboksi "Hongera, umeshinda", kisha akakuomba hela ya usafirishaji, analitumia neno hilohilo kwa sababu wale watatu wa kwanza wameshamzoesha msomaji. Kalamu, kofia na mifuko inayogawiwa kwenye mabanda ya Sabasaba nayo huitwa giveaway na watu wa masoko, lakini huko hakuna utata: ukifika unapewa, zikiisha zimeisha.

Maswali matatu yanatosha kuvitenganisha vile vinne. Je, kuna zawadi yenye thamani? Je, anayeipata anaamuliwa na bahati? Je, mshiriki ametoa malipo ili apate nafasi? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, hiyo ni bahati nasibu, tangazo lipambwe liwezavyo. Ondoa malipo, inabaki droo ya bure. Ondoa bahati na uweke ujuzi unaoweza kupimwa, linakuwa shindano. Ondoa vyote viwili, umebaki na zawadi tupu: watu mia wa kwanza kufika wanapewa soda, basi.

Tuchukue zile namba za pikipiki. Namba 2,000 zikiuzwa kwa shilingi 2,000 kila moja zinaleta milioni 4. Pikipiki ikinunuliwa kwa milioni 3, mwandaaji amebakiwa na milioni nzima, na hakuna mtu nje yake anayejua kama aliuza namba 2,000 kweli au 2,600. Hapo ndipo sheria inapoingia, na sababu yake haina uhusiano na kuchukia furaha za watu: fedha za wengi zimekusanywa na mmoja, na mahesabu yote yako mfukoni mwake.

Tanzania mambo haya yako chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayotoa leseni za bahati nasibu na vibali vya promosheni za kibiashara zenye droo. Ndiyo maana droo za kampuni za simu na benki huwa na mtu wa Bodi amesimama pembeni. Kenya ilikuwa na sheria yake ya tangu 1966, Sura ya 131, iliyosimamiwa na bodi iliyojulikana zaidi kwa herufi BCLB, hadi mwaka 2025 ilipotungwa sheria mpya ya kudhibiti kamari na kuundwa mamlaka mpya ya kuisimamia. Mfanyabiashara mdogo hudhani sheria hizi ni za wakubwa tu. Ukubwa wa akaunti yako, wafuasi 800 au laki nane, hauhusiki. Kinachoangaliwa ni yale maswali matatu.

Pagumu ni pale katikati: "Nunua bidhaa ya kuanzia shilingi 20,000 uingie kwenye droo." Mteja amelipa, lakini amelipia bidhaa au amelipia nafasi? Nchi hazijibu sawa. Uingereza, chini ya sheria ya kamari ya 2005, kununua bidhaa kwa bei yake ya kawaida hakuhesabiwi kuwa malipo ya droo; bei ikipandishwa kwa sababu ya droo, imekuwa malipo. Marekani ununuzi huhesabiwa kuwa malipo, na ndiyo sababu matangazo ya kule hulazimika kutoa njia ya kushiriki bila kununua chochote, mara nyingi kwa kutuma kadi ya posta. Zawadi zote zikizidi dola 5,000, majimbo ya New York na Florida hutaka promosheni isajiliwe na dhamana iwekwe kabla haijaanza. Kanada wana utaratibu unaowachekesha wageni: aliyechaguliwa kwa bahati hujibu kwanza swali la hesabu, mfano (8 × 5) + 12 − 4, ndipo apewe zawadi, kwa sababu swali hilo linaigeuza bahati kuwa ujuzi mbele ya sheria. Jamaa aliyeko Toronto akikwambia ameulizwa hesabu ili apewe friji, hajatapeliwa. Kwetu, droo ya kukuza mauzo ni ya kuombea kibali kabla ya kuitangaza.

Swali hilohilo limewahi kuulizwa misikitini, na masheikh wametofautiana. Wanaoruhusu zawadi za wanunuzi huweka masharti mawili: bei isipandishwe kwa ajili ya zawadi, na mnunuzi awe anaihitaji bidhaa yenyewe. Anayenunua katoni ya sabuni asiyoihitaji ili apate kuponi, kwao ameshaingia kwenye kamari. Ni karibu sana na hoja ya Waingereza, ingawa njia walizofikia ni tofauti kabisa.

Yapo pia malipo yasiyo ya fedha. Fomu inayotaka jina kamili, simu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA inakusanya kitu chenye bei. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na zote zinamtaka mkusanyaji aseme anachukua taarifa za nini na asizitumie kwa jingine. Mtu anayegawa mkoba mmoja hana kazi na vitambulisho vya watu 900. Jina la akaunti linatosha hadi mshindi apatikane. Simu na anwani aombwe mshindi peke yake.

Mitandao nayo ina masharti yake, ambayo karibu kila giveaway ya kwetu huyavunja bila kujua. Facebook hairuhusu kumtaka mshiriki aweke tangazo kwenye ukurasa wake binafsi, wala kuwatagi marafiki, kuwa sharti la kushiriki. Instagram inataka tangazo liseme wazi kwamba Instagram haidhamini wala kuendesha zoezi hilo, na inakataza kumwambia mtu ajitagi kwenye picha ambayo hayumo. YouTube inataka kushiriki kuwe bure. Adhabu ya kawaida ni tangazo kuondolewa, na likiondolewa katikati ya zoezi linaondoka na komenti zote, yaani na orodha yako ya washiriki. Nakili orodha kila siku.

Masharti yenyewe hayahitaji wakili kwa zawadi ndogo, ila yanahitaji kuandikwa yote mahali pamoja kabla ya siku ya kwanza: nani anatoa, zawadi ni nini hasa (simu aina gani, GB ngapi, mpya au iliyotumika), wanaoruhusiwa ni wa nchi zipi na umri upi, mtu mmoja anaingia mara ngapi, mshindi anapatikanaje, atatangazwa wapi, ana saa ngapi za kujibu, na nani analipia kuusafirisha mzigo. Hilo la mwisho huachwa, halafu mshindi anatokea Kigoma. Ukimwambia atume nauli ya kifurushi umeshajifananisha na tapeli, hata kama una risiti ya basi. Weka usafirishaji kwenye bajeti tangu mwanzo, au andika kwamba zawadi inachukuliwa dukani na usiwape matumaini walio mbali.

Muda wa kufunga unagombanisha watu kuliko zawadi. Tangazo likisema "mwisho Jumamosi saa 12 usiku", mmoja anasoma kizungu na kuelewa usiku wa manane, mwingine anahesabu kwa Kiswahili na kujiuliza kama ni magharibi au alfajiri. "Usiku wa Ijumaa" ni mbaya zaidi: kwa wazee wengi wa pwani huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama. Andika "Jumamosi, saa 5:59 usiku, saa za Afrika Mashariki" na ubishi umekwisha. Usiandike 11:59 usiku. Kwa saa zetu hapo kunakaribia kupambazuka.

Sasa droo. Watu hulumbana kuhusu programu ya kuchagulia, wakati kasoro mara nyingi iko kwenye orodha. Komenti zikishafungwa, zihamishie kwenye jedwali la Excel, futa zilizojirudia, ondoa akaunti za wahusika wa duka, mpe kila mtu namba kuanzia 1, kisha iweke orodha hadharani kabla ya kuchagua. Usipofuta marudio, aliyeandika komenti 40 kati ya 900 ana nafasi ya asilimia 4.4, na aliyeheshimu masharti akaandika moja ana asilimia 0.11. Kama uliruhusu komenti nyingi, sawa, lakini liwe limeandikwa.

Ukitumia fomula ya RANDBETWEEN kwenye Excel, kumbuka kwamba namba hubadilika kila unapoandika kitu kwenye seli nyingine. Wapo waliotangaza mshindi wakiwa mubashara, wakaandika jina lake pembeni, namba ikaruka mbele ya watazamaji na kashfa ikaanzia hapo. Nakili tokeo ubandike kama thamani mara moja. Tovuti ya random.org, iliyoanzishwa 1998 na Mads Haahr wa Trinity College Dublin na inayochota namba zake kwenye kelele za redio za angani, haina tatizo hilo. Ila haimzuii mwandaaji kurudia mara kumi chumbani kwake hadi litoke jina la binamu. Kinga ni kutangaza saa ya droo mapema, kuchagua mara moja tu, na kuonyesha kioo kizima tangu orodha inapofunguliwa.

Ipo njia isiyohitaji kuaminiana hata kidogo, na inashangaza kwamba haitumiki sana. Baada ya kutoa orodha yenye namba, tangaza kuwa mshindi ataamuliwa na tarakimu ambayo wewe huna uwezo nayo, kwa mfano jumla ya thamani ya mauzo ya Soko la Hisa la Dar es Salaam ya siku fulani ijayo. Igawe kwa idadi ya washiriki, na baki ndilo namba ya mshindi. Mauzo yakiwa 4,718,205 na washiriki 900, baki ni 405. Baki likiwa 0, ni wa mwisho kwenye orodha. Kila mwenye kikokotoo anahakikisha mwenyewe. Chagua pia wa akiba wawili kwa utaratibu uleule, maana kuna washindi ambao hawajibu kabisa. Saa 48 zikipita anaitwa anayefuata.

Kura za like ni jambo tofauti na mimi nashauri ziachwe. Zinaonekana kuwa za haki kwa kuwa kila mtu anaziona, lakini like zinauzwa, na kuna makundi ya kubadilishana kura ambako mgeni anapigia picha 50 asizozijua ili na yake ipigiwe. Kinachoshinda hapo si picha. Ukitaka shindano, weka majaji, sema wanapima nini, na uyaonyeshe matokeo.

Makampuni makubwa nayo yameanguka kwenye hesabu hizihizi. Hoover ya Uingereza, kampuni ya mashine za kufagilia, mwaka 1992 iliahidi tiketi mbili za ndege kwa kila aliyenunua bidhaa za pauni 100, kwanza za Ulaya na baadaye za Marekani. Tiketi zilikuwa na thamani kuliko mashine ya kufagilia, kwa hiyo watu walinunua mashine ili wapate safari. Kampuni ilikuwa imetegemea wengi washindwe na fomu na masharti. Hawakushindwa, hasara ikakaribia pauni milioni 50, na biashara yake ya Ulaya ikauzwa 1995. Mwaka huohuo wa 1992 nchini Ufilipino, Pepsi ilitangaza kuwa vizibo vyenye namba 349 vimeshinda peso milioni moja. Vilikuwa vimechapwa kwa mamia ya maelfu. Kampuni ilijitetea kwamba vingi havikuwa na namba ya siri ya uhakiki na ikatoa peso 500 kwa kila kizibo. Ghasia zilizofuata ziliua watu wasiopungua watano, na kesi zikaendelea hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua 2006 kwamba kampuni haidaiwi.

Mchezo wa Monopoly wa McDonald's nchini Marekani ulioza kwa njia ya tatu. Jerome Jacobson, mkuu wa usalama katika kampuni ya masoko iliyoendesha mchezo huo, alikuwa ndiye anayelinda vipande vya ushindi, na tangu 1989 hadi FBI ilipofichua mpango mwaka 2001 alikuwa akiviiba na kuwauzia watu. Hata mitaani kwetu wizi huanzia papo hapo: funguo zote zilikuwa kwa mtu mmoja, na aliyekuwa akimkagua alikuwa yeye mwenyewe.

Zawadi iliyotolewa kwa uaminifu kabisa nayo inaweza kumlemea mpokeaji. Septemba 2004, Oprah Winfrey aliwapa watazamaji 276 waliokuwa studio gari la Pontiac G6 kila mmoja. Baadaye ilijulikana kwamba gari hilo linahesabiwa kuwa kipato, na kodi yake ingeweza kufika dola 7,000. Wa kwetu wanaoshinda magari waulize mapema nani analipia kodi na usajili, na wapewe jibu kwa maandishi.

Kwa mwenye biashara, swali la mwisho la fedha ni kama giveaway inalipa. Piga hesabu ya mfano. Simu ya shilingi 600,000 imeleta wafuasi 3,000: ni shilingi 200 kwa mfuasi, inaonekana nafuu. Mwezi ukipita na 1,800 wakaondoka, waliobaki wamekugharimu 500 kila mmoja, na wengi wao walikuja kutafuta simu wakati wewe unauza vitenge. Hawatagusa machapisho yako, na mtandao ukiona watu hawagusi unapunguza kuyasambaza hata kwa wateja wako wa kweli. Dawa ni kutoa unachouza. Doti tatu za vitenge hazitaleta watu 3,000, ila waliokuja wanavaa vitenge.

Na sasa matapeli. Wengi hujiuliza tapeli alijuaje kwamba nimeshiriki. Alisoma komenti, kama kila mtu. Anafungua akaunti yenye picha ileile na jina lilelile, nukta moja au kistari kimeongezwa, anasubiri zoezi lifungwe na kuwaandikia walioshiriki wote, mara nyingi dakika chache kabla ya mshindi halisi kutangazwa. Anaomba kiasi kidogo, elfu 15 au 20, "ya usajili wa zawadi", na ukisikia "tuma na ya kutolea" ujue umefika. Kiasi ni kidogo kwa makusudi: mtu haendi polisi kwa elfu 15, na akijibiwa na kumi kati ya mia mbili, siku imelipa.

Aina ya pili haiombi fedha, inaomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, "ili kuthibitisha ushindi". Hizo ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Ya tatu ni linki ya "GB 50 bure kuadhimisha miaka kadhaa ya kampuni", yenye maboksi ya kuchagua. Jaribio la kwanza hukosi kukosa, la pili au la tatu hukosi kushinda, kisha unaambiwa uitume kwa makundi matano kabla hujapewa. Zawadi haipo. Wewe ndiye msambazaji, na walioko nyuma yake wanavuna namba za simu na fedha za matangazo. Ya nne, ya sarafu za kidijitali, ni "nitumie sarafu nikurudishie mara mbili". Tarehe 15 Julai 2020 wadukuzi waliingia kwenye akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk na wengineo, wakaandika ahadi hiyo, na kabla haijafutwa walikuwa wamekusanya bitikoini za zaidi ya dola 100,000. Akaunti zilikuwa halisi kabisa, tiki za buluu zipo. Kwa hiyo kuhakiki jina la akaunti hakutoshi. Angalia fedha zinaelekea upande gani. Zawadi hutoka kwao kuja kwako, na njiani haina ada.

Ukishatuma tayari, kasi ndiyo muhimu. Tanzania piga 100 kwa mtandao wako uombe muamala uzuiwe kabla mpokeaji hajatoa, kisha ripoti namba yake kwenda 15040. Kenya, ujumbe wa muamala wa M-Pesa hupelekwa 456 kuomba urejeshwe, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa 333. Kama ulitaja zile tarakimu sita, sakinisha WhatsApp upya kwa namba yako na uingize tarakimu mpya utakazotumiwa, naye atatolewa papo hapo. Akiwa ameshaweka PIN ya hatua mbili utasubiri siku 7 kuingia, lakini yeye hatakuwemo. Muda huo wapigie ndugu simu ya kawaida, kwa sababu kabla hajatolewa atakuwa ameshawaomba hela kwa jina lako. Ukiogopa kwamba kitambulisho ulichokituma kimesajiliwa laini, Tanzania bonyeza *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na usiyoitambua ikafutwe kwa mtandao husika.